Mrejesho: kuziba mifereji ya magego ya mtoto, Kampala

Ndugu zangu, niliuliza kama magego mapya ya mtoto wa miaka 7 yanaweza kuzibwa mifereji (mikunjo ya sehemu ya kutafunia) kabla hayajatoboka. Yanaweza, na imefanyika hapa Kampala bila sindano wala kuchonga jino.

Kinachoamua kama kizibo kitashika ni ukavu. Gego husuguliwa, huzungushiwa pamba, hupakwa asidi ya fosforiki ya takriban asilimia 37 kwa sekunde 15 hadi 30, huoshwa, kisha hukaushwa hadi liwe jeupe kama chaki. Hapo ndipo resini (plastiki ya majimaji) hutiwa kwenye mifereji na kugandishwa kwa taa ya buluu, kama sekunde 20. Mate yakigusa sehemu iliyopakwa asidi, asidi irudiwe. Utando huo wa resini ukibanduka mapema, mara nyingi chanzo chake ni hicho. Gego ambalo nusu yake bado iko chini ya ufizi, ulizeni kuhusu glasi-ayonoma (saruji ya meno): huvumilia unyevu na hutoa floridi, ingawa haishiki muda mrefu kama resini.

Utando haulindi kati ya jino na jino, kwa hiyo dawa ya meno yenye floridi iko palepale, asubuhi na usiku. Ukaguzi kila miezi 6. Magego ya pili huota karibu na miaka 12 (haya ndiyo watu husahau kuziba).