Bajeti ya chakula kuanzia mshahara wa Desemba hadi wa Januari: mnaipangaje?

Mama wa Tabata

Ndugu wanajukwaa, salaam. Sisi ni familia ya watu sita tunaoishi Tabata, Dar es Salaam, na tumezoea kutenga shilingi 480,000 kila mwezi kwa ajili ya chakula peke yake, bila kuhesabu kodi ya nyumba, umeme wala nauli. Kuanzia Februari hadi Novemba kiasi hicho hututosha, wakati mwingine kwa kubana kidogo, lakini kila Desemba hesabu huvurugika kabla hata ya Mwaka Mpya, na wiki mbili za mwisho za Januari tunakula kwa kukopa dukani.

Mume wangu hulipwa mshahara wa Desemba tarehe 20, na wa Januari hauingii kabla ya tarehe 27. Katika kipindi hicho tunapokea wageni kutoka Songea, yaani mama mkwe, wifi yangu na watoto wake wawili, ambao hufika tarehe 20 na kuondoka tarehe 10 Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa. Ninafurahi wanapokuja, hivyo naomba nisishauriwe kuwazuia. Linalonishangaza ni kwamba sikukuu yenyewe haina makuu: pilau ya kuku siku ya Krismasi, wali na nyama ya mbuzi Mwaka Mpya, na soda za watoto. Nimeandika matumizi ya siku hizo mbili na hayazidi shilingi 120,000. Fedha nyingine inakwenda wapi? Na je, kuna vitu ambavyo ni afadhali kuvinunua mapema, au bei ni ile ile ukinunua lini?

Mhasibu wa Kibaha

Dada, kabla ya kuwachunguza wageni na bei, tazama kalenda. Shilingi 480,000 kwa siku 30 ni shilingi 16,000 kwa siku. Kutoka tarehe 20 Desemba hadi tarehe 26 Januari, siku moja kabla ya mshahara unaofuata, ni siku 38, na siku 38 kwa shilingi 16,000 ni shilingi 608,000. Maana yake ni kwamba hata asingekuja mgeni yeyote, na hata kama Krismasi mngekula ugali kwa dagaa, bado mngepungukiwa shilingi 128,000.

Sasa ongeza wageni. Matumizi yenu ya kawaida kwa mtu mmoja ni karibu shilingi 2,670 kwa siku, kwa hiyo watu wanne kwa siku 22 ni kama shilingi 235,000. Kwa kuwa wawili kati yao ni watoto, na kwa kuwa sufuria kubwa hupunguza gharama ya kila sahani, mimi ningehesabu theluthi mbili tu ya kiasi hicho, yaani kama shilingi 156,000. Ukijumlisha na zile 120,000 za sikukuu unapata shilingi 884,000, nawe una 480,000. Kwa maoni yangu hapo hakuna bajeti iliyovunjwa, kwa sababu bajeti ya kipindi hicho haijawahi kuandikwa. Mnachukua bajeti ya Agosti na kuibebesha siku ambazo hazifanani na za Agosti hata kidogo.

Pengo ni shilingi 404,000. Likigawanywa kwa miezi kumi, Februari hadi Novemba, ni kama shilingi 40,000 kwa mwezi, kiasi ambacho kinaweza kuwekwa katika kikoba. Watu wengi wana vikoba vinavyovunjwa Desemba, lakini fedha ile inapofika mkononi bila kupangiwa kazi huishia kwenye nguo na viatu. Ipangieni kazi mapema, tena mbele ya mumeo, ili asije akadhani ni fedha ya ziada.

Kwa mwaka ambao akiba hiyo haipo, gawa ulichonacho kwa wiki, na siku ile ile ya mshahara nunua kwanza vyakula vikavu vya wiki mbili za mwisho za Januari: unga, mchele, maharage, mafuta na sukari. Wengi huanza na Krismasi na kuiachia Januari masalio. Chakula kilichokwisha kuingia stoo ni vigumu kukigeuza kuwa soda, ilhali noti iliyo kwenye pochi hugeuka wakati wowote.

Muuza Nafaka, Buguruni

Hesabu za Mhasibu nimezipenda. Mimi nina duka la vyakula, kwa hiyo nitajibu swali la pili, ingawa ninajipunguzia faida.

Bei hazipandi zote kwa pamoja, wala kwa sababu moja. Mchele na mahindi huvunwa kwa wingi katikati ya mwaka katika nyanda za juu kusini, na kadiri mavuno yanavyozidi kuwa mbali ndivyo mzigo unavyopungua na bei inavyopanda. Mwenye uwezo wa kununua mchele Julai au Agosti hupata unafuu wa kweli. Anayenunua tarehe 15 Desemba badala ya tarehe 23 hapati tofauti kubwa, ila anaepuka msongamano na kuchaguliwa mchele wenye chenga nyingi. Viungo vya pilau, yaani binzari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, vinunue vikiwa vizima hata mwezi mmoja kabla, kwa sababu haviharibiki na pakiti ndogo ndogo zinazouzwa wiki ya sikukuu ndizo zenye faida kubwa kwetu sisi wauzaji. Vitunguu maji vilivyokauka vizuri hukaa wiki kadhaa ukivitandaza mahali penye hewa. Nyanya ni jambo lingine kabisa: Desemba ni msimu wa vuli, mvua zikizidi nyanya huoza shambani na njiani, na bei ya sado inaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni. Ukiona zimeshuka, nunua nyingi, zipike mpaka maji yakauke, kisha uzigawe katika vyombo vidogo na kuzigandisha.

Kuku ndiye mwenye vituko vyake. Wiki moja kabla ya Krismasi kila mtu anamtafuta kuku wa kienyeji, na anayenunua mkesha hulipa anachotajiwa. Kuku wa nyama hukua kwa wiki nne hadi sita, kwa hiyo mfugaji wa mtaani anayepokea vifaranga katikati ya Novemba anawatafuta wateja wa Krismasi tangu siku hiyo. Mlipe nusu mapema mkubaliane bei. Kwa ajili ya pilau mimi mwenyewe huwanunua kuku wa mayai waliokwisha kuchoka kutaga. Nyama yao ni ngumu na inahitaji kuchemshwa muda mrefu, lakini mchuzi wake ni mzito na bei yake kwa kawaida iko chini ya kienyeji.

Mafuta ya kula yanahitaji tahadhari. Ni kweli kwamba dumu la lita 20 lina nafuu kuliko kupimiwa robo lita kila siku, lakini dumu likiwa jikoni mpishi humimina bila kutazama, hasa nyumba inapokuwa na wapishi watatu. Lifungie dumu chumbani, utoe chupa moja ya lita kwa siku unazozipanga. Sukari nayo inunuliwe kwa mfuko na majirani wawili au watatu, kisha mgawane kwa mizani.

Na kwa kuwa nimetaja mizani: sado na debe ni vipimo vya kuonea macho, na wapo wanaobonyeza kitako cha kopo kuelekea ndani. Nunua kwa kilo, kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo.

Bi Mkubwa wa Tanga

Mwanangu, umeuliza fedha inakwenda wapi. Inakwenda kwenye chai ya asubuhi. Tazama nyumba yoyote yenye wageni: chakula cha mchana na cha usiku vina sufuria moja na saa yake, lakini chai haina mwisho. Huyu ameamka saa kumi na mbili, yule saa tatu, mtoto amerudi kucheza anataka tena, na kila mara ni mkate, siagi, maziwa, mayai mawili ya kukaanga na vijiko vinne vya sukari. Mikate miwili ya kununua kwa siku, watu kumi, kwa siku 22, ni mzigo mkubwa kuliko hiyo pilau yenu.

Sisi tuliozoea kufunga Ramadhani tunajua adha ya mwezi ambao kila mtu anatafuta vyakula vile vile: mihogo, viazi vitamu, magimbi na ndizi hupanda bei kwa sababu ya futari. Desemba isipoangukia Ramadhani hali ni tofauti, kwa maana watu wanagombania mchele na kuku, na mihogo haiulizwi sana. Ichemshe asubuhi kwa nazi au chumvi tupu, uitenge saa moja kamili, na anayechelewa atakuta iliyopoa. Siku nyingine pika maandazi kwa unga wa ngano ulioununua kwa jumla, uyahesabu kabla ya kuyaweka mezani. Kuhesabu maandazi si uchoyo, hata mama yangu aliyelisha makundi ya wageni alikuwa akihesabu.

Soda uziache kwa siku mbili za sikukuu. Msimu huu maembe yamejaa pwani nzima, na ukwaju ni rahisi mwaka mzima. Ndoo moja ya maji ya matunda iliyopozwa inawatosha watoto wote, nao hawatakumbuka kudai kingine.

Mtoka Rombo

Mimi niko upande wa pili, kwa kuwa kila Desemba tunafunga nyumba ya Dar es Salaam na kupanda Kilimanjaro kama wenzetu wengi. Watu hudhani anayesafiri anaokoa fedha ya chakula. Haokoi, kwa sababu huwezi kufika kwa wazazi mikono mitupu, na mchele, sukari, mafuta na sabuni za nyumba mbili au tatu hununuliwa kabla ya nauli.

Kilichotusaidia ni makubaliano ya ndugu. Tupo watano, na kila mmoja anatuma kiasi chake kwa dada yetu mkubwa kabla ya mwisho wa Novemba. Yeye ndiye anayenunua mbuzi, mchele na mafuta ya nyumba yote, na akishanunua hakuna anayerudi dukani kuongeza kwa sababu ya kuona haya. Napendekeza jambo hilo hilo kwako, Mama wa Tabata. Wifi yako achangie. Songea iko mkoa wa Ruvuma, wenye mahindi na maharage mengi. Kiroba cha maharage na cha unga wa sembe kwenye buti la basi kitawagharimu kidogo kuliko utakavyonunua hapa.

Bi Mkubwa wa Tanga

Hapo sikubaliani nawe, baba. Ndugu watano wanaokutana kwa wazazi wao wanachangishana kwa haki, maana wote ni wenyeji. Mgeni anayefikia kwa mkwewe hachangishwi. Akileta kwa hiari yake tutasema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini kumtajia ni kumwambia asije.

Mama wa Tabata

Shikamoo Bi Mkubwa, na ninawashukuru nyote. Hesabu ya siku 38 nimemsomea mume wangu, naye alikaa kimya kidogo kisha akaomba nimsomee tena. Kuhusu chai umenigusa mahali penyewe, kwa sababu daftari langu halina mstari wa mkate wala maziwa. Vitu hivyo vinanunuliwa kwa fedha ndogo ndogo anazotumwa nazo mtoto.

Kuhusu wifi, sitaki kumkwaza Bi Mkubwa, lakini mwaka jana mama mkwe alikuja na maharage bila kuombwa na akafurahi sana kuyaona mezani. Nafikiri mume wangu ndiye anayepaswa kumpigia simu mama yake, amuulize kama mwaka huu maharage yamekubali, na mazungumzo yaishie hapo. Nikipiga mimi litakuwa neno la mkwe.

Swali langu la mwisho ni kwa Muuza Nafaka. Nikinunua mfuko wa mchele mapema, fukusi nitawazuiaje? Nyumba yetu ina joto na stoo haina dirisha.

Muuza Nafaka, Buguruni

Usiuache kwenye mfuko wala usiuweke sakafuni. Tafuta ndoo za plastiki zenye vifuniko vinavyobana, zikauke kabisa, ujaze mchele hadi juu ili hewa ibaki kidogo, na utumbukize pilipili kavu au majani makavu ya mwarobaini yaliyofungwa katika kitambaa. Fungua ndoo moja tu kwa wakati mmoja. Dawa ya unga inayouzwa kwa ajili ya kuhifadhi mahindi usiitie kamwe kwenye mchele uliokwisha kukobolewa. Ukiona fukusi wameanza, tandaza mchele kivulini mahali penye upepo, upepete, kisha urudishe. Ukiuanika juani hupasuka na ukiupika unakuwa bokoboko. Kwa watu kumi, kilo moja na robo kwa mlo mmoja inatosha, kwa hiyo pima kwanza milo ya wali utakayopika hadi tarehe 10 Januari ndipo uamue ukubwa wa mfuko.