Gomesi ya inchi 44 na msichana wa inchi 34: nani avae nguo kwenye bango?

FundiGomesi (Jinja)

Nawasalimu nyote. Nina chumba kidogo cha ushonaji karibu na soko kuu la Jinja, na gomesi, lile gauni refu la heshima la kina mama wa Uganda, ndiyo kazi iliyonisomeshea watoto. Mwezi uliopita tajiri mmoja wa vitambaa, ambaye hunipa kazi nyingi, aliamua kutundika bango barabarani kabla ya msimu wa kwanjula, sherehe za kumtambulisha bwana harusi kwa wakwe, kupamba moto, akaniomba nishone gomesi moja ya hariri ya zambarau kwa ajili ya picha. Sikuambiwa atakayeivaa ni nani, basi nikaishona kwa kipimo ambacho mkono wangu umekizoea, yaani nyonga inchi 44 na tumbo lenye nafasi, kwa sababu wanaonunua hariri kwangu ni kina mama waliokwisha kuzaa, wenye fedha zao mkononi.

Siku ya picha aliletwa binti kutoka Kampala, mrefu, mwenye adabu, na mwembamba kiasi kwamba gomesi ilimpwaya kama hema. Mnajua kwamba chini ya gomesi huzungushwa kikoi ili nyonga zijae. Tulimzungushia kikoi kimoja, hakikutosha; tukaongeza cha pili, na juu yake taulo. Kisha mpiga picha akakusanya kitambaa kilichobaki mgongoni na kukibana kwa vibanio vya kuanikia nguo (nilivihesabu, vilikuwa vinane), akamwamuru asigeuke hata kidogo. Ukimtazama kwa mbele ungeapa kwamba nguo ilishonwa kwa ajili yake. Ilipofika saa nane mchana nilimnunulia roleksi, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, akala nusu, nusu ya pili akaifunga katika karatasi na kuitia mkobani.

Sasa bango limetundikwa. Mteja wangu wa miaka mingi alikuja juzi kuchukua nguo yake, akajitazama kwenye kioo changu muda mrefu kuliko kawaida, akaniuliza kama ile ya bangoni ni kazi yangu, nami nikakubali. Akasema, «Basi mimi umenishonea gunia.» Nguo ni ileile, mshono ni uleule, hata kitambaa kilitoka katika jora moja.

Ninachouliza ni hiki: kwa nini nguo ya mama mwenye nyonga hutangazwa na msichana asiye nazo, na je, ni haki yangu mimi fundi kumwambia tajiri kwamba safari ijayo achague mtu wa kipimo cha wateja wetu? Mwenzangu wa cherehani ya pili ananiambia ninyamaze, kwa kuwa nguo hupendeza kwa mwembamba na hiyo ndiyo kanuni ya biashara.

Aliyewahi_Kutembea (Kampala)

Dada fundi, nilifanya kazi ya uanamitindo kwa miaka minne, kwa hiyo niruhusu nikueleze ilikotoka kanuni hiyo ya mwenzako, kwa maana wengi hudhani ni suala la uzuri tu.

Mbunifu wa mitindo, hasa wa Ulaya na Marekani, hushona kwanza nguo moja ya kielelezo kabla ya kiwanda kushona nyingine zote. Nguo hiyo moja ndiyo inayovaliwa jukwaani, ndiyo inayotumwa kwenye majarida, ndiyo inayopigwa picha za matangazo, na inapotoka kwa msichana huyu inakwenda kwa yule. Kwa kuwa nguo haibadiliki, ni lazima miili ifanane. Kielelezo hushonwa kidogo na chembamba, basi anayetafuta kazi huambiwa awe na urefu wa sentimita 175 au zaidi na nyonga zisizozidi inchi 35 au 36. Mawakala wa wanamitindo wa hapa walipokea vipimo hivyo vilivyo, hata kwa kazi ambazo hazina kielelezo chochote kutoka ng'ambo. Nilipimwa kwa futi ya fundi kila mwezi, na nyonga zangu zilipofika inchi 38 hakuna aliyenifukuza. Simu iliacha tu kulia.

Kwako wewe jambo hilo ni la ajabu zaidi, kwa sababu gomesi haina kielelezo cha kiwanda. Wewe hupima mtu kwanza ndipo ukate kitambaa. Ulichofanyiwa ni kuchukuliwa desturi ya kiwanda na kubandikwa juu ya nguo ya kupimwa, ndiyo maana vikahitajika vibanio vinane.

Nina ombi moja. Tusimlaumu yule binti wala tusimcheke. Wako watu walioumbwa warefu na wembamba, hasa kwetu kaskazini, na Aamito Lagum aliyeshinda shindano la kwanza la Africa's Next Top Model ni Mganda ambaye hakuazima umbo lake kwa mtu. Niliumia zaidi nilipoitwa kijiti na watu wa mtaani kuliko nilipopimwa na wakala. Kuhusu ile nusu ya roleksi siwezi kusema alikuwa akijinyima; mimi mara nyingi nilimpelekea mdogo wangu.

Muuguzi wa Mbale

Nimesoma swali hili nikakumbuka jambo ambalo vijana hawalijui. Miaka ya themanini, neno la Kiingereza «slim», yaani mwembamba, katika nchi hii halikuwa sifa. Lilikuwa jina la ugonjwa. Mwaka 1985 madaktari wa hapa pamoja na wenzao walichapisha katika jarida la kitabibu la Lancet maelezo ya maradhi mapya ya vijijini Uganda ambayo wananchi wenyewe waliyaita slim kwa jinsi yalivyomkondesha mtu, na ndiyo tunayoyaita leo UKIMWI. Nilikuwa msichana wakati huo. Mtu aliyepungua uzito alivaa suruali mbili ili asinyooshewe kidole, na mama aliyerudi kutoka safari akiwa amenenepa alipongezwa hadharani. Leo neno hilohilo limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye pakiti za majani ya chai ya kupunguza tumbo, na wanaoyanunua ni mabinti wa wale waliovaa suruali mbili. Macho ya watu yamegeuzwa ndani ya kizazi kimoja, na sidhani kwamba yamejigeuza yenyewe.

Huko Fiji, ambako mwili mkubwa ulikuwa heshima kama ilivyokuwa kwetu, mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa shule mwaka 1995, televisheni ilipokuwa ndiyo kwanza imeingia katika mkoa wa Nadroga, na akaja kuwahoji wengine wa umri huohuo mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyekiri kujitapisha ili apunguze uzito. Mara ya pili waliokiri walikuwa asilimia 11.3.

Nchi zenyewe zilikotoka picha hizi zimeshaogopa. Mwaka 2006 walifariki wanamitindo wawili wa Amerika Kusini, Luisel Ramos wa Uruguay, muda mfupi baada ya kutembea jukwaani, na miezi mitatu baadaye Ana Carolina Reston wa Brazili, aliyekuwa na miaka 21 na aliyeugua anoreksia, yaani ule ugonjwa wa kujinyima chakula hata mwili unapokwisha. Mwaka huohuo maonyesho ya Madrid yalikataa wasichana ambao uwiano wa uzito na urefu wao (BMI, yaani kilo zikigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ulikuwa chini ya 18. Israeli ilipitisha sheria iliyoanza kazi mwaka 2013, inayotaka cheti cha daktari na uwiano usiopungua 18.5, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa mpaka ambao chini yake mtu ana uzito pungufu. Ufaransa tangu mwaka 2017 inadai cheti pia, na picha ya tangazo iliyopunguzwa au kuongezwa mwili kwa kompyuta ni lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Asiyeandika hutozwa faini ya euro 37,500. Sijaona kwa nini Uganda isiwe na kitu kama hicho.

Hata hivyo, dada, nisikudanganye upande wa pili. Kliniki yetu ya shinikizo la damu na kisukari haijazwi na wembamba. Mwanamke wa inchi 44 anaweza kuwa na afya njema au asiwe nayo, na bango si mahali pa kumpimia.

Mchora_Mabango (Kampala)

Mimi niko upande wa wanaolaumiwa, kwa kuwa ninatengeneza matangazo, na kwa heshima ninatofautiana na Mama Muuguzi katika mambo mawili.

Kwanza, sheria ya cheti. Matangazo mengi ya bei nafuu mnayoyaona hapa mjini hayakupigiwa picha hapa. Mteja mwenye bajeti ndogo hununua picha iliyokwisha kupigwa, ya familia inayocheka au ya msichana anayeshika simu, na huyo msichana anaweza kuwa yuko Johannesburg au Atlanta. Cheti chake utamdai nani? Alama ya picha iliyorekebishwa ningeiunga mkono, kwa kuwa kazi hiyo hufanyika mezani kwangu: kiuno husukumwa ndani kwa kidole kimoja juu ya kipanya cha kompyuta, na kosa hujulikana tu pale mlango ulio nyuma ya mtu unapopinda pamoja na kiuno. Na ule uchunguzi wa Fiji ni mzuri, lakini wasichana walikuwa 63 mara ya kwanza na 65 mara ya pili; ni dalili, haujawa hukumu.

Pili, msidhani kwamba kumweka mwenye nyonga bangoni kunammaliza adui. Mwezi wa pili mwaka 2019 waziri wa nchi anayeshughulikia utalii alizindua shindano la Miss Curvy Uganda, la wanawake wenye nyonga na miili iliyojaa, akatangaza kwamba wanawake wenye maumbo hayo ni kivutio cha utalii. Wanawake wengi walikasirika, na walikuwa na haki. Hata zamani, mabinti wa Kihima, jamii ya wafugaji wa magharibi mwa nchi, walifungiwa ndani kabla ya ndoa wakinyweshwa maziwa mpaka wanenepe, na hakuna aliyewauliza kama wameshiba. Futi ni ileile, ila imevutwa upande wa pili.

Kwa swali lako hasa, fundi, ndiyo, ni haki yako kusema, lakini usiseme kwa lugha ya haki, tajiri hataisikia. Mwambie kwamba mteja ametoka dukani akiita nguo yake gunia, na umtajie bei ya nguo hiyo. Kisha dai jambo moja tu: mvaaji achaguliwe kabla hujakata kitambaa. Akija mwembamba utamshonea gomesi ya mwembamba, akija mnene vivyo hivyo, na picha itaonyesha nguo iliyokaa. Vibanio vile vinane viliwadanganya watu kuhusu ushonaji wako kabla ya kuwadanganya kuhusu mwili wa mtu.

FundiGomesi (Jinja)

Ninawashukuru nyote, na nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi za harusi. Nilimfuata tajiri kama alivyoshauri ndugu wa mabango, nikamtajia bei ya ile gomesi iliyoitwa gunia. Alinyamaza kidogo, akasema bango la pili litatundikwa kabla ya Krismasi, na kwamba mvaaji nimtafute mwenyewe, mradi asidai malipo makubwa.

Nilidhani hapo kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Niliwaendea wateja wangu watatu ambao nguo huwakaa vizuri. Wa kwanza alisema mumewe hataki uso wake barabarani, na hilo nililielewa. Wa pili, ndiye yuleyule aliyelalamika, alicheka mpaka akakaa chini, akauliza ni nani atakayetaka kutazama mikono yake mikubwa hivyo juu ya nguzo. Sikuwa na jibu la haraka.

Wa tatu ni mwalimu mstaafu, nyonga inchi 46, na anapotembea akiwa ndani ya gomesi watu humpisha njia. Yeye amekubali, nami nimeshampima na kukata kitambaa, kijani cha majani ya mgomba. Ameweka sharti moja. Alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba anajua vijana wa kompyuta wana namna yao, basi nimwombe mpiga picha ampunguzie tumbo kidogo, kidogo tu, ili wanafunzi wake wa zamani wasimcheke. Mpiga picha nimeshamwambia asiguse kitu. Mwalimu bado sijamwambia, na picha ni Jumamosi.