Nataka kutoa hita ya nyuma kwenye Hiace ya kulala safarini. Injini itapoa kama kawaida?

SafariNyumbani:
Habari za jioni wakuu. Niko Dar, nina Hiace Super Custom, injini 1KZ-TE, naigeuza iwe gari la kulala porini. Boksi la hita ya nyuma limekaa palepale unapotakiwa kukaa mguu wa kitanda, na mabomba yake ya chuma chini ya sakafu yameliwa na kutu. Joto hili la Dar, hita ya nini? Swali langu ni moja: nikiitoa, injini itapoa kama kawaida? Ijumaa ijayo napeleka watu wanne hifadhi ya Ruaha, wameshatoa hela ya awali. Usingizi sipati. Natanguliza shukrani.

Ngosha wa Lami:
Toa tu mkuu. Hita si rejeta. Tena weka feni mbili ndogo humo ndani, wageni wakulipe vizuri.

BintiMakete:
Jamani msimdanganye mwenzenu, Tanzania si Dar peke yake. Nimekulia Makete, mwezi wa saba unaamka nyasi zimekuwa nyeupe. Mwaka tuliomzika bibi tulipanda gari lililotolewa hita, tukamfunga mtoto vitenge viwili na koti la baba yake, na bado alifika Njombe midomo imepauka. Hao wageni wakitaka kuona maua ya Kitulo utawalaza kwenye friji?

Seremala Mbishi:
Mguu wa kitanda si lazima ukae hapo. Piga kitanda cha kukunja, mbao za mninga, bawaba tatu. Nimetengeneza viwili, nikifika nyumbani naweka picha.

Mzee wa Spana:
Kijana, anayetoa hita kwa ajili ya kitanda huuliza mabomba ayazibe wapi. Wewe umeuliza injini kupoa. Gari imeshachemsha?

SafariNyumbani:
Shikamoo mzee. Geji ilipanda kidogo, mara moja tu. Haikuwa kitu kikubwa.

Mzee wa Spana:
Marahaba. Kidogo ni wapi? Na ulikuwa wapi?

SafariNyumbani:
Sawa, niseme yote. Hita imeshatolewa wiki iliyopita. Fundi alikata mabomba kwa mbele, akaunganisha ncha mbili kwa mpira mfupi kama kiganja, akafunga klipu, tukajaza maji ya bomba. Akatoa na themostati, kile kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akasema nchi za joto haina kazi. Jumapili narudi nyumbani, napanda Kitonga, ule mlima mkali, nyuma ya lori la mafuta, geji ikaanza kupanda. Nikawasha hita ya mbele moto wa mwisho ili kuipunguzia injini joto, kama madereva wa malori wanavyofanya, ikatoa upepo wa baridi. Nikashangaa. Dakika chache mbele geji ikaanguka yenyewe mpaka chini kabisa, nikashukuru Mungu, nikaendelea. Ndipo mvuke ukatoka chini ya kiti cha abiria. Nilijazia maji chupa mbili za lita moja na nusu, injini ikanguruma vizuri, nikafika Ilula, nikaongeza maji, nikafika Iringa. Tangu hapo inawaka bila shida. Fundi wangu ana uzoefu wa miaka mingi, ndiyo maana naamini tatizo ni hita tu.

Mzee wa Spana:
Ulipoandika kwamba geji ilianguka, nimeweka kikombe chini.

Geji haikushuka kwa sababu injini ilipoa. Kihisio cha geji kinasoma maji yanayokigusa. Maji yakiisha kikabaki kwenye hewa na mvuke, kinadanganya. Na ule upepo wa baridi wa hita ya mbele ulikuwa unakwambia jambo hilohilo: maji ya moto hayafiki, kwenye njia kuna hewa. Ukimwaga maji ya mfumo wa Hiace, ambayo injini yake iko chini ya viti, hewa hunasa. Ujazaji wake ni huu: pua ya gari iwe juu mlimani, hita ya mbele wazi, mfuniko wa rejeta umefunguliwa, injini ingali baridi. Unawasha na kuiacha ingurume taratibu, unaongeza maji mpaka mpira wa juu wa rejeta upate moto na mapovu yakome. Fundi wako alijaza akafunga mfuniko.

Hita yenyewe kutoka si kosa. Inapoozesha kidogo tu, kazi kubwa ni ya rejeta na feni. Lakini kwenye gari hizi hita ya nyuma inachukua maji kwenye matawi ya bomba la hita ya mbele. Ukiitoa, ziba matawi yote mawili kwa vizibo vya chuma, hita ya mbele ibaki na mzunguko wake. Ukiunganisha kwa mpira mfupi, maji ya moto yanapata njia rahisi: yanatoka kwenye hedi, yaani kichwa cha injini, yanarudi kwenye pampu bila kupita kwenye rejeta. Na themostati nyingi za Toyota zina kisahani cha chini kinachoziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi. Umefungua njia za mkato mbili kwa wiki moja, kisha ukapanda Kitonga.

Hedi ya 1KZ ni ya aluminiamu, bloku ni chuma. Ikipata moto mkali hupasuka, kila fundi wa dizeli anaijua kwa hilo. Na wewe umeimwagia maji baridi ingali inawaka moto.

Ticha Mstaafu:
Naongezea la fizikia. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji ya wazi huko yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wa rejeta wa presha ya baa 0.9 unayasogeza mpaka karibu 116. Mfuniko ukiwa na mpira uliochoka, faida hiyo yote inapotea. Angalia mfuniko, na weka kulanti, ile dawa ya rejeta, nusu kwa nusu na maji. Maji ya bomba yanaleta kutu.

Kipanga Mtaa wa Saba:
Wakuu, mnakunywa chai hapa. Mwanzo amesema yuko Dar. Sasa anasema "narudi nyumbani, napanda Kitonga". Anayerudi Dar Kitonga anaishuka, haipandi! Gari linachemshaje kwenye mteremko? Uzi wa kutunga huu.

Ngosha wa Lami:
Kweli aisee! Nilikuwa nimeanza kumhurumia.

Seremala Mbishi:
Na kitanda je, kipo kweli? Nisipoteze muda wa kupiga picha.

BintiMakete:
Mimi nilishasimulia mpaka msiba wa bibi yangu.

SafariNyumbani:
Sijatunga. Nyumbani ni Iringa kwa mama, Dar nafanya kazi. Nilikuwa nalipeleka gari Iringa kwa sababu si langu. Ni la kaka mkubwa, yuko Muscat miaka sita, hela yote ni yake. Aliniambia nilisimamie, nifanye ninavyoona. Ya hita sijamwambia. Ya kuchemsha pia sijamwambia. Jumatano nilirudi nalo Dar, Kitonga nikaishuka, ndiyo maana sikuona shida. Na hela ya wageni nimeshanunulia godoro na jiko la gesi, siwezi kuahirisha.

Kipanga Mtaa wa Saba:
Basi nisamehe ndugu yangu, nimekwenda mbio. Lakini mali ya mtu aliye ugenini unaikata mabomba bila kumpigia simu?

Mzee wa Spana:
Mwacheni kwanza. Kijana, kesho alfajiri kabla hujawasha, fungua mfuniko wa rejeta, injini baridi kabisa. Jaza maji mpaka mdomoni. Mwambie mtu awashe, wewe tazama humo. Chomoa na kijiti cha oili uone rangi.

SafariNyumbani:
Nimefanya sasa hivi, saa kumi na mbili. Kijiti kina oili nyeusi ya kawaida. Kwenye rejeta maji yalikuwa yameshuka kama nusu lita. Nimejaza, mke wangu akawasha. Mwanzo povu moja moja, nikafikiri ni hewa ile uliyoisema. Zimepita dakika tatu hayajakoma, yanakuja mfululizo kama soda, na mpira wa juu umekuwa mgumu injini ikiwa bado baridi.

Mzee wa Spana:
Zima. Huo ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe, litajulikana ikifunguliwa na kupimwa kwa presha. Gari hiyo Ruaha haiendi.

SafariNyumbani:
Kuna dawa ya kumwaga kwenye rejeta inaziba nyufa. Nikiweka hiyo, nikaenda taratibu usiku?

Mzee wa Spana:
Hapana. Dawa hiyo itaziba na vijitundu vya rejeta. Iringa mpaka Msembe, makao makuu ya hifadhi, ni kama kilomita 130, umebeba roho nne.

BintiMakete:
Binamu yangu ana Land Cruiser ya kukodisha hapo Iringa. Waeleze wageni ukweli, nakutumia namba yake kwa ujumbe wa siri.

SafariNyumbani:
Nitumie dada. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja, kaka atakuwa ameshaingia kazini. Nampigia akitoka kula mchana.