Kioo cha mbele kinavuja, kutu imekula bati, nifanyeje?

BabaT_Umoja
Wakuu habari zenu. Niko na Toyota 110 ya 1998, injini haijawahi nisumbua hata siku moja, shida ni mvua. Tangu hii ya Aprili ianze kila asubuhi nakuta maji kwa kapeti upande wa abiria, juzi nimefyonza na sponji karibu lita mbili kabla nipeleke watoto shule, na mama watoto amekataa kukaa mbele ati hawezi enda kazini na viatu vimelowa. Fundi mmoja hapa mtaani alinipakia silikoni kuzunguka kioo chote, ikashika wiki mbili ikarudi vile vile. Sasa jana nikainua ule mpira wa juu ya kioo kona ya kushoto, rangi imefura kama chapati kwa kikaango, nikagusa na bisibisi pole pole tu, ikazama. Imezama wakuu! Nikaichomoa, nikarudisha mpira, nikaenda kulala. Hii inarekebishika ama niite watu wa skrepu?

Mtu_wa_Jogoo_Road
Weka samaki boss, bwawa tayari unalo 😂

FundiBodi_Kario
Huyo wa silikoni amekuongezea kazi. Ile inanuka siki ni ya bafu na madirisha ya nyumba, hiyo harufu ni asidi, unalisha kutu. Na gundi ya kioo ya ukweli haishiki mahali silikoni imepita, lazima itolewe yote kwanza.

Kutu ya hapo mara nyingi huanzia siku kioo kilibadilishwa. Fundi anakata gundi ya zamani na kisu, kisu kinakwaruza rangi mpaka kwa chuma, hapaki praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma, anabandika kioo kipya juu. Huoni kitu. Miaka ikipita kutu inanyanyua gundi, maji yanapata njia.

Dawa ni kioo kitoke, usidanganywe na mtu. Kinakatwa na waya, mmoja ndani mmoja nje mnavuta kama msumeno, na kinaweza pasuka, hasa kama kina ufa tayari, kwa hivyo usiende bila pesa ya kioo kando. Kikitoka ni grainda na brashi ya waya mpaka chuma ing'ae. Palipotoboka pakatwe pachomelewe bati mpya, SIO filla, ile pasti ya kuziba mashimo, filla inanyonya maji na utarudi hapa unalia. Kabla ya kuchomelea toa waya wa betri na ufunike dashibodi vizuri, cheche moja tu inatosha kutoboa. Vile vidoti vya kutu vinabaki kwa vishimo paka dawa ya asidi ya fosforiki, inageuka nyeusi, halafu praima ya epoksi, halafu rangi, na ACHA IKAUKE. Hapo ndio wateja wananishinda, gari imeletwa saa tatu mtu anaitaka saa kumi. Gundi iwe yurethani, na gari isitoke mpaka muda ulioandikwa kwa tyubu uishe. Hicho kioo kinasaidia kushikilia paa gari ikipinduka, na eabegi ya abiria ikifunguka inakiegemea hicho hicho.

Shiru_K
Kabla hujatoa kioo hakikisha maji hayatoki kwingine. Mimi nilihangaika miezi, kumbe ni maua ya jakaranda, napaki chini ya mti yakaingia pale chini ya wipa yakaziba tundu za kutolea maji, maji yakijaa yanapitia kwa njia ya hewa ya fani mpaka miguuni. Mtu akae ndani na tochi, wewe mwaga maji na paipu ukianzia chini ya kioo ukipanda, bila presha. Na nusa hayo maji, yakiwa na rangi na harufu tamu na yanateleza kwa kidole basi si mvua, ni kulanti, yale maji ya kupoza injini, inavuja kwa hita.

MzeeWa504
Kwa Peugeot 504 kioo kilikaa ndani ya raba. Unazungusha kamba kwa mfereji wa raba, unapaka sabuni, kijana anasukuma kutoka nje wewe unavuta kamba ndani, kinaingia chenyewe. Gundi hakuna. Lakini kutu ilijificha hapo hapo chini ya raba. Hiyo gari iliwahi kaa pwani, kwa hewa ya chumvi?

BabaT_Umoja
Mzee umejuaje? Mwenyewe wa kwanza alikuwa Likoni!
Shiru nimefanya hiyo ya paipu leo, kijana wangu ndani na tochi ya simu. Chini kavu kabisa, tulipofika kona ya juu kushoto akapiga kelele "baba inatoka!", tone likatokea nyuma ya plastiki ya nguzo likashuka mpaka kwa kapeti. Basi ni kutu. Fundi, na hii mvua je, nafanya nini kwa sasa?

FundiBodi_Kario
Usiniletee saa hii, rangi haikauki vizuri na hii baridi ya mvua. Bandika tepu pana hapo juu kioo kikiwa kikavu, usiku funika turubai. Na kapeti itoe YOTE pamoja na ile sponji ya chini, ukiiacha imelowa sakafu nayo itaoza. Njoo mvua ikikatika.

BabaT_Umoja
Sawa mkuu. Kapeti iko kwa kamba ya nguo kwa plot, jirani ameuliza kama tunahama.