Gemu zaweza kupanga uwanja wa mtaa?

Kijana wa Kisauni: Assalaam alaikum. Hapa mtaani twaambiwa gemu ni kupoteza wakati tu. Kuna tatizo la kweli lililotatuliwa kwa gemu? Na uwanja wetu, twaweza kuupanga humo?

Fundi Ramani: Waalaikum salaam. Lipo. Mwaka 2011 wachezaji wa Foldit, gemu ya kukunja protini, walipata kwa wiki tatu umbo la kimeng'enya cha kirusi cha kima, lililowashinda wanasayansi zaidi ya miaka 10.

Kwa uwanja, tumieni Minecraft, gemu ya kujenga kwa bloku za mchemraba. UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, ilianza kupanga viwanja kwa gemu hiyo 2012, na Kibera imo. Bloku moja ni mita moja: uwanja wa mita 60 kwa 40 ni bloku 60 kwa 40. Wekeni kwanza visivyohama, yaani mwembe, ukuta, nguzo ya stima. Watu watatu kwa kompyuta, na mama muuza mahamri asikose. Yeye ndiye ajuaye watu wapita wapi.

Mama Mitaro: Lakini maji msiyaamini humo! Kwenye gemu maji yakimwagwa penye usawa hukoma bloku ya saba, na mvua haileti mafuriko. Mtaro wa sentimita 30 nao hauwezi kuonyeshwa kwa bloku ya mita nzima. Mteremko pimeni uwanjani, kwa paipu angavu ya plastiki iliyojaa maji. Toeni viputo vyote vya hewa. Kimoja kikibaki, maji ya ncha mbili hayalingani na mtaro waweza kuchimbwa kinyume.

Kijana wa Kisauni: Shukran sana. Jumamosi twaanza na futi kamba.