Boti ya futi 19, trela la kilo 1000: kweli litabeba?

Kijana_wa_Wesha

Asalaam alaikum. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya trela. Mie na kaka yangu tuna boti ya faiba, futi 19, mashine Yamaha 40 ya zamani. Tunapeleka wageni kisiwa cha Misali, huku Pemba, na siku za kukosa wageni tunavua. Kusi hili tunataka kuipandisha tuipeleke kwa fundi Konde, ina nyufa chini. Bahari ilivyochafuka hatuwezi kuipeleka kwa maji, kwa hivyo tutapita barabarani, Wesha mpaka Chake, halafu Konde.

Tumeazima trela la ekseli moja, kibati chake kimeandikwa 1000 kg. Mwenyewe anasema boti ya futi 19 haifiki kilo 500, kwa hivyo tuache kila kitu ndani, nyavu, boksi la barafu, mafuta, tusihangaike kushusha. Gari ni Hilux ya mjomba. Mama hana raha na safari hii, kasema ulizeni kwanza. Hesabu hiyo iko sawa?

Fundi_Mkoani

Waalaikumu salamu mwanangu. Mama yako kaona mbali. Hesabu ya mwenye trela imepinda pahala pawili.

Kwanza kibati. Ile 1000 si mzigo. Ni jumla ya trela lenyewe na kila kilichopanda juu yake. Tazama vizuri, mara nyingi uzito wa trela tupu umeandikwa palepale kwa namba ndogo. Tuseme lenu ni 260. Mmebakiwa na 740.

Pili, boti "haifiki kilo 500" ni faiba tupu kama ilivyotoka kwenye kalibu, na hakuna boti inayosafiri hivyo. Tuipe 450. Mashine yenu inapita 70. Petroli lita moja ina robo tatu ya kilo, kwa hivyo tangi la lita 100 likijaa ni 75. Betri, nanga, mnyororo na kamba, weka 45. Hapo mshafika 640. Nyavu zilizolowa 60, boksi lenye barafu 40. Hiyo 740 imekwisha, na hatujagusa majaketi ya kuokolea wala madumu ya maji ya wageni.

Na bado kuna kitu nnachokiogopa kuliko vyote hivyo: maji yaliyojificha. Boti nyingi za faiba zina povu chini ya sakafu. Mnasema ina nyufa chini. Basi povu hilo linakunywa maji miaka yote hiyo, na mkifua ngama, pale chini maji yanapokusanyika, mpaka ikauka, lile la ndani ya povu halitoki. Debe moja la lita 20 ni kilo 20, na madebe matano yanakaa humo bila mtu kuyaona. Ikiwa bado iko majini, tazameni kiwango cha maji ubavuni: kikiwa kimeupita juu mstari wa rangi ya chini na boti haina mzigo, ina kilo ambazo haikuzaliwa nazo. Mkishaipandisha, gongeni sakafu kwa kipini cha bisibisi kuanzia omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma. Pakavu panaita. Penye maji panajibu zito, kama umegonga gunia la mchanga.

Kwa hivyo shusheni kila kinachoshuka. Tangi libaki na mafuta kidogo tu, nyavu na boksi viende kwa gari nyengine. Chomoeni kizibo cha tezi kabla ya kuondoka, maji yamwagike yote. Maji ya ngama hayatulii pahala pamoja: mkipanda kilima yanakimbilia tezi, yanainua pua ya trela, pale linaposhikana na gari, na hapo ndipo linapoanza kuvuta gari huku na huku.

Hilo la pua ndilo watu wengi hawalitazami. Haitoshi kujua kilo ngapi, lazima ujue zimekaa wapi. Pua inatakiwa ikandamize gari kwa asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wote wa trela na boti. Ikipungua, trela linayumba. Ikizidi, gari inakaa matakoni na usukani unakuwa mwepesi. Hamhitaji chombo cha ajabu: mizani ya kupimia magunia ya karafuu inatosha. Ziwekeeni tairi mawe mbele na nyuma, trela likae sawa pahala pa bapa, pua ipande juu ya gogo lililosimama kwenye mizani, kwa kimo kilekile cha kwenye gari. Someni, halafu rudini hapa na namba.

Dereva_Mkokotoni

Fundi kamaliza upande wa boti, mie nnaongeza wa barabara. Nnavuta boti za watu huku Unguja kila kusi, za Matemwe na Nungwi zinazoletwa mjini.

Soma ubavu wa tairi. Baada ya saizi kuna namba ya tarakimu mbili na herufi. Hiyo namba ndiyo uwezo wake: 79 ni kilo 437, 84 ni kilo 500, 91 ni kilo 615, kwa tairi moja, na liwe limejazwa upepo wa kutosha. Tazama pia tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi za trela za kwetu zinazeeka kabla hazijalika, zinakaa juani na kwenye chumvi tu.

Kama trela limetoka Ulaya na lina kibati cha 1000, basi lilikuja na breki zake, maana huko lisilo na breki mwisho wake ni 750 pamoja na mzigo. Angalieni kama bado zinakamata. Nyaya zake zikishaingia chumvi zinaganda. Na donge la chuma nyuma ya gari liwe saizi moja na kikombe cha trela. Lipo la milimita 50 na lipo la inchi 2, yanakaribiana mno, lakini la inchi 2 kwenye kikombe cha 50 halikai sawasawa.

Chake simameni, gusa kila kikombe cha beringi kwa kiganja. Ukishindwa kuacha mkono pale, usiendelee. Siku ya kuirudisha majini, subirini vipoe kabla ya kuliingiza trela. Beringi ya moto ikiingia majini inafyonza maji ya chumvi, na grisi yote ndiyo imekwenda.

Trela likianza kuyumba, usikanyage breki ghafla na usiongeze mwendo. Shika usukani sawa, toa mguu kwenye mafuta, liache litulie. Milima ya Pemba mnaijua wenyewe, teremka na gia ndogo.

Kijana_wa_Wesha

Shikamoo ami, na ahsante sana kaka. Tumeshusha kila kitu na kupima kwa mizani ya babu ya karafuu. Trela tupu limeandikwa 255. Pua imesoma kilo 22. Tairi ya kulia ni 84, ya kushoto ni 79 na tarakimu zake 1413. Breki zinakamata, ila kwa shida. Na ami, sakafu ya tezi inaita zito kweli, kama hatua mbili kutoka kwenye mashine.

Kaka yangu anataka kutia mawe omoni ili pua iwe nzito.

Fundi_Mkoani

Marahaba. Mawe hapana. Mnaongeza uzito kwenye trela lisilo na nafasi, na mkifunga breki yanakuja mbele. Sogezeni boti yenyewe. Legezeni nguzo ya winchi, pale omo inapoegemea, isongeni mbele shibiri moja, mkaze tena. Kwa boti hiyo na urefu wa trela hilo mtapata kilo thelathini hivi puani, mfike hamsini na kitu, na hapo ni pazuri.

Mkimaliza, chuchumaeni nyuma mtazame mbao za kulalia boti zinaishia wapi. Lazima zifike mpaka chini ya ubao wa mashine. Ikiwa tezi inaning'inia nje huku imebeba kilo 70, kila shimo la barabarani linaikunja faiba palepale. Nyufa zenu ziko upande huo? Kama ndiyo, mwambieni fundi wa Konde asizibe juu kwa juu. Afungue sakafu ya tezi, atoe povu lote lililolowa na aache pakauke kabisa kabla ya kutia faiba mpya.

Tairi ya 1413 ni ya mwaka 2013. Msiondoke nayo. Nunueni moja ya 84 ifanane na mwenzake.

Dereva_Mkokotoni

Na winchi si kamba ya kufungia. Tezi nayo ifungwe chini kwa mikanda miwili, kulia na kushoto, na minyororo ya usalama ipishane chini ya pua. Mkiirudisha majini, iwe siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, msiikokote mchangani.

Kijana_wa_Wesha

Nyufa ziko tezi, ami, zote. Tairi tunaifuata Chake kesho asubuhi, na mbao za kulalia zimeishia kama shibiri kabla ya ubao wa mashine, kwa hivyo kusogeza mbele kutatibu yote mawili. Mama nimemsomea, kasema sasa twende.