Tupeane uzoefu: Ni lini uliiona familia kama ya kwenu kwenye tamthilia?

Mwenye mada (Kirumba)

Wanajamvi, salaam. Juma lililopita nilikuwa nimekaa sebuleni na mama mkwe wangu, Mkerewe wa Nansio, tukitazama tamthilia ya hapa nchini. Msichana wa kazi akaingia na sinia la chai, akatamka sentensi moja kwa lafudhi ya Kanda ya Ziwa iliyokolezwa kupita kiasi, wanangu wakacheka, naye akarudi jikoni na hakuonekana tena mpaka kipindi kikaisha. Mama akauliza kwa utulivu, "Na huyu kwao ni wapi, au alizaliwa humo jikoni?"

Swali hilo bado linanisumbua. Si kwamba watu wa jamii ndogo hawaonekani kwenye runinga; wanaonekana, ila kila mmoja huja peke yake, akiwa mlinzi, mganga au mtumishi, asiye na mama anayemsubiri, asiye na shangazi wa kumsema wala shamba la kugombea na kaka zake. Wenzetu wa Marekani waliwahi kulifanyia hesabu jambo hili: mwaka 1999 NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kikiongozwa na Kweisi Mfume, kilipiga kelele kwamba katika vipindi vipya 26 vya maigizo vya vituo vinne vikubwa, hakuna hata kimoja kilichokuwa na mhusika mkuu wa jamii za wachache. Naomba tupeane uzoefu: ni lini uliiona familia kama ya kwenu, nzima, ikiwa nyumbani kwake?

Mzee wa Igogo

Mimi niliiona familia ya watu weusi kwenye televisheni kabla ya kuona kituo chochote cha televisheni hapa Bara, maana Zanzibar walikuwa na chao tangu mwaka 1973 na sisi tulisubiri mpaka 1994. Mwishoni mwa miaka ya themanini shemeji yangu alirudi kutoka masomoni Marekani na kanda za The Cosby Show, kichekesho cha huko kuhusu familia hiyo, pamoja na deki na seti za huko huko, kwa sababu kanda zao zilikuwa zikigomea deki za kwetu. Tulijazana chumba kimoja hata pa kuweka mguu hapakuwepo.

Wenzangu walishangaa kwamba baba ni daktari na mama ni mwanasheria. Mimi nilishikwa na kipande kimoja tu, ambamo baba anamfundisha mwanawe gharama za maisha kwa noti za bandia za mchezo: anamhesabia mshahara, kisha anaanza kuzichukua, hizi za kodi, hizi za chakula, hizi za nguo, mpaka kijana anabaki mikono mitupu. Marehemu baba yangu alinipa somo hilo hilo mwaka nilioacha shule, ila yeye alitumia punje za mahindi, na zile za mwisho akazitupia kuku.

Binti wa Makoroboi

Familia yetu ilifika Mwanza kabla reli haijafika mwaka 1928, lakini kwenye tamthilia Mhindi bado ni yule yule wa nyuma ya kaunta, anayehesabu fedha, anayevunjavunja Kiswahili na kumfukuza kijana wa dukani. Sijamwona akifunga duka na kurudi nyumbani. Angefuatwa mpaka kwetu, angekutwa bibi yangu akibishana kwa Kisukuma na muuza samaki mlangoni kuhusu sato mwenye macho yaliyofifia, kisha akimpika sato huyo huyo kwa bizari huku akilaumu kwamba wajukuu hawajui tena Kigujarati.

Hata Marekani watu wenye asili ya Asia walisubiri. Kichekesho cha All-American Girl kilianza mwaka 1994, kikafa baada ya msimu mmoja, na familia ya Kiasia haikuwekwa tena katikati ya kichekesho cha kituo kikubwa mpaka Fresh Off the Boat ya mwaka 2015. Mimi nilizaliwa, nikasoma na kuolewa ndani ya pengo hilo.

Mkazi wa Bwisya, Ukara

Kisiwa chetu kilionekana kwenye runinga kila saa kuanzia tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati na ndugu zetu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Siwalaumu waandishi, ile ilikuwa kazi yao. Kamera ziliondoka, na tangu hapo mtu wa Ukara kwangu mimi kwenye runinga ni mfiwa tu. Nyumbani kwetu ng'ombe analala ndani, analetewa majani kwa mikono, na samadi yake inabebwa kwa vikapu mpaka shambani. Sijawahi kuona tamthilia ambamo mama anakatisha ugomvi na mumewe kwa sababu ng'ombe hajapewa majani, na kwetu ugomvi mwingi huisha hivyo.

Fundi wa taa

Ndugu zangu, nimeshika taa kwenye tamthilia kadhaa Dar es Salaam, kwa hiyo niwatetee wenzangu kidogo. Maonyesho mengi hurekodiwa kwa siku moja ndani ya nyumba moja ya kupanga, kwa sababu kila siku inayoongezeka ni chakula, mafuta ya jenereta na posho za watu. Kuwahamishia wote kisiwani kunahitaji nauli na malazi, na mdhamini hataki kusikia habari hizo.

Mwenye mada (Kirumba)

Ahsante, Fundi. Gharama hizo zinaeleza kwa nini nyumba iko Mbezi, huko huko Dar es Salaam. Hazielezi kwa nini mwenye nyumba hawezi kuwa Mjita.

Ng'wana Magu

Sisi Wasukuma ndio wengi kuliko kabila lolote nchini, lakini mwigizaji akitoa salamu yetu ya "Mwangaluka" watu huanza kucheka kabla hajasema la pili. Huo uchache mnaousema nadhani si wa vichwa.

Mwalimu mstaafu, Ukerewe

Shikamooni wakubwa zangu, marahaba wadogo. Hadithi hazijakosekana. Marehemu Aniceti Kitereza wa kisiwa hiki alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Myombekere na mkewe Bugonoka, kitabu kilichotoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Humo mna wakwe waliomchukua binti yao kwa sababu ya maneno ya ukoo juu ya utasa, na mume anayehangaika kutengeneza pombe ya ndizi ili alipe faini na kurudishiwa mkewe.

Likizo iliyopita niliwasomea wajukuu wangu waliotoka Mwanza sehemu hiyo ya pombe, jioni umeme ulipokatika. Siku ya tatu yule mdogo, wa darasa la pili, akaniuliza kipindi hicho huwa kinaonyeshwa saa ngapi.